Kibua, Saradini na Dagaa: Jinsi ya Kuwachagua, Kuwapika na Kuwafaidi Samaki wa Mafuta

Mwenye kwenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi na mapema, ataona kwamba macho ya wanunuzi wenye fedha hukimbilia changu, tasi na kolekole, yaani samaki wanaopendeza sahanini mbele ya wageni, huku vibua na saradini wakiuzwa kwa fungu na dagaa wakipimwa kwa kopo au kwa sado. Mpangilio huo wa bei umewafanya watu wengi waamini kwamba samaki wa bei ya chini ni samaki wa hadhi ya chini, na kwamba anayekula kibua anamla kwa sababu amemkosa changu. Mimi nimelelewa kwa vibua, nimewapika kwa miaka mingi, na nimesoma kadiri nilivyoweza kuhusu kilichomo ndani yao. Nimefikia kuamini kwamba kwa upande wa afya, na mara nyingi hata kwa upande wa ladha, fungu lile ndilo lenye mali, na mali yenyewe ni mafuta. Katika mwongozo huu nitaeleza namna ya kuyatambua mafuta hayo, namna ya kuyalinda tangu sokoni hadi jikoni, na namna ya kuyala kwa raha.

Samaki wa mafuta ni yupi

Kila samaki ana mafuta, lakini samaki hawayaweki mahali pamoja. Wako wanaoyahifadhi katika ini, na mnofu wao hubaki mweupe na mkavu. Wako wengine wanaoyatawanya katika mnofu wenyewe, chini ya ngozi na hasa tumboni, na hao ndio tunaowaita samaki wa mafuta. Katika pwani yetu wa kwanza kutajwa ni kibua, ambaye wataalamu humwita Rastrelliger kanagurta na ambaye ni wa ukoo mmoja na makreli wa bahari za baridi. Wanafuata saradini na dagaa wa baharini, wakiwamo wale wadogo kabisa tunaowaita dagaa mchele. Bara, Ziwa Viktoria lina dagaa wake, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda huwaita mukene, na Ziwa Tanganyika lina dagaa wa Kigoma wanaovuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa haupo. Msomaji anayeishi Ulaya au Marekani atawapata kwa urahisi makreli, saradini, heringi na samoni, na huko pia makreli na saradini huwa bei nafuu kuliko samoni ilhali hawapungukiwi na kitu.

Jodari huwachanganya wengi. Kwa kuwa nyama yake ni nyekundu na nzito, watu humhesabu moja kwa moja kuwa samaki wa mafuta, lakini mnofu wa jodari wa kawaida tunayemnunua hapa huwa na mafuta machache sana, na huduma ya afya ya taifa ya Uingereza haimhesabu kabisa katika kundi hili, awe mbichi au wa kopo. Ni kitoweo kizuri chenye protini nyingi, ila asichukuliwe kuwa badala ya kibua. Sato na changu nao ni samaki wema, lakini ukilinganisha mafuta yao na ya makreli utaona tofauti kubwa: gramu 100 za makreli wa Atlantiki huwa na zaidi ya gramu 2 za mafuta ya omega-3 tutakayoyaeleza hivi punde, saradini wa kopo huwa na karibu gramu 1, na sato huwa chini ya gramu 0.3. Kibua wetu wa maji ya joto kwa kawaida humfuata kwa mbali makreli wa baridi, na mafuta yake hupanda na kushuka kwa majira, kwa sababu samaki huyatumia akiba hiyo wakati wa kuzaa. Ndiyo maana mpishi mmoja anaweza kusema kweli akidai kwamba vibua wa mwezi huu walimwaga mafuta kikaangoni, na mwenzake akasema kweli akilalamika kwamba wa mwezi ule walikuwa wakavu.

Mafuta haya yanaufaa vipi mwili

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walikwenda Greenland kupima damu za Wainuiti, watu ambao chakula chao kilijaa samaki na wanyama wa baharini na kwa hiyo kilijaa mafuta, lakini ambao iliaminika kwamba maradhi ya moyo ni machache kwao. Walichokikuta katika damu zile ni wingi wa mafuta ya aina ya omega-3, hasa mawili yanayojulikana kwa herufi EPA na DHA. Baadaye wanasayansi wengine walitilia shaka kama kweli maradhi ya moyo yalikuwa machache kiasi kile kwa Wainuiti, na shaka hiyo ina haki yake. Lakini mlango ulikwisha kufunguliwa, na tafiti zilizofuata zimethibitisha mambo kadhaa ambayo hayana ubishi mkubwa.

La kwanza ni kwamba mwili wa binadamu hutengeneza EPA na DHA kwa kiasi kidogo mno kutokana na mafuta ya mimea, kwa hiyo njia nyepesi ya kuyapata ni kula samaki aliyekwisha kuyakusanya kutoka katika chakula chake cha baharini au ziwani. La pili ni kwamba mafuta hayo hupunguza trigliseridi, yaani aina ya mafuta katika damu ambayo ikizidi huambatana na maradhi ya moyo. La tatu ni kwamba DHA ni sehemu ya ubongo wenyewe na ya kiwambo cha jicho kinachopokea nuru, na ndiyo sababu mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mchanga wana haja nayo zaidi ya watu wengine. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, mwaka 2018 yalionyesha kwamba wajawazito waliopata omega-3 zaidi walijifungua kabla ya wakati mara chache kuliko wasiopata.

Lakini mwaka huohuo wa 2018 Cochrane walichapisha mapitio mengine, na nayo lazima yasemwe: vidonge vya omega-3 havikuonekana kuleta faida kubwa katika kuzuia maradhi ya moyo kwa watu wengi. Nayataja kwa makusudi, kwa sababu maduka ya dawa yamejaa vidonge hivyo kwa bei ambayo ingenunua vibua wa wiki nzima. Samaki si kidonge. Anayekula kibua anapata pia protini, vitamini B12, vitamini D, madini ya joto na seleniamu, na zaidi ya hayo, sahani yenye kibua ni sahani ambayo siku hiyo haikuwekwa nyama ya mafuta yanayoganda. Vitamini D nayo mwili huitengeneza wenyewe kwa msaada wa jua, na sisi tunaoishi Tanga au Mombasa hatujapungukiwa na jua; lakini ndugu zetu walioko nchi za kaskazini, ambako miezi ya baridi jua halitoshi, wana sababu ya ziada ya kumweka samaki wa mafuta mezani. Dagaa anawapita wote kwa jambo moja: kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, anatoa kalsiamu ambayo mnofu wa samaki mkubwa hauna, na anatoa madini ya chuma na zinki vilevile.

Kuhusu kiasi, wataalamu wa FAO na WHO, yaani mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wanapendekeza mtu mzima apate kati ya miligramu 250 na gramu 2 za EPA na DHA kwa siku. Shirika la Moyo la Marekani linashauri milo miwili ya samaki kwa wiki, hasa samaki wa mafuta, na Waingereza wanashauri kwamba katika milo miwili ya wiki angalau mmoja uwe wa samaki wa mafuta, kila mlo ukiwa na gramu 140 za samaki aliyekwisha kupikwa. Kwa lugha ya jikoni, kibua mmoja mkubwa au wawili wadogo, mara mbili kwa wiki, wanatosha.

Sokoni

Mafuta yanayomfanya kibua awe bora ndiyo hayohayo yanayomfanya aharibike haraka, kwa kuwa ni mafuta laini yasiyostahimili hewa, joto wala jua. Changu aliyekaa nusu siku mezani bila barafu anaweza kukusamehe. Kibua hasamehi. Kwa hiyo nenda mapema, na ukifika tazama barafu kabla ya kumtazama samaki: muuzaji ambaye vibua vyake vimefunikwa barafu kwa kweli, si vipande viwili vya kupamba, anastahili kuulizwa bei kwanza.

Kibua mzuri ana mgongo wa kijani na buluu unaong'aa, mistari ya dhahabu ubavuni ikiwa bado inaonekana, na macho yaliyojaa na maangavu. Funua mashavu uone wekundu wa damu. Yakiwa ya kahawia au ya kijivu, achana naye. Bonyeza mgongo kwa kidole: nyama irudi. Kisha geuza utazame tumbo, maana hapo ndipo ukweli wa vibua na saradini hutokea kwanza. Samaki hawa huvuliwa matumbo yakiwa yamejaa chakula, na maji ya tumboni yanayosaga chakula huendelea kufanya kazi hata baada ya samaki kufa, hadi hulainisha tumbo lenyewe na kulipasua. Tumbo lililotoboka au linalobonyea kama ndizi iliyoiva mno ni alama ya samaki aliyechelewa, hata kama macho bado yanang'aa. Harufu iwe ya bahari. Shombo kidogo ni la kawaida, lakini ukisikia harufu ya rangi ya mafuta au ya mafuta ya kupikia ya zamani, hayo ni mafuta yaliyochacha, na hakuna kiungo cha kuyaficha.

Vibua waliogandishwa si wa kudharauliwa, mradi waligandishwa wakiwa wazuri na hawakuyeyushwa njiani. Angalia kingo za tumbo na mahali mnofu ulipokatwa. Rangi ya manjano au ya kutu inaonyesha kwamba mafuta yamekaa na hewa muda mrefu. Barafu nyingi ndani ya mfuko, iliyoganda upya kwa umbo la dimbwi, inaonyesha kwamba samaki waliyeyuka wakagandishwa tena.

Kwa dagaa wakavu, chukua wachache kiganjani na uwavunje. Dagaa mzuri huvunjika kwa sauti, ana rangi ya fedha, na akitafunwa hana chembe za mchanga. Aliyeanikwa juu ya kichanja ni bora mara nyingi kuliko aliyeanikwa juu ya mchanga wa ufukwe, kwa usafi na kwa ukavu pia, maana hewa humpita juu na chini. Ukipata muuzaji anayejua dagaa wake walianikwa wapi, mshike. Dagaa wa manjano wenye harufu kali wamechacha. Samaki mkubwa mwenye mafuta, kwa upande wake, hakaushiki vizuri kwa jua peke yake, na ndiyo sababu watu wa Ziwa Viktoria walipoanza kumpata sangara, ambaye mnofu wake una mafuta kuliko samaki waliowazoea, waligeukia kumkausha kwa moto na moshi wa kuni.

Safari ya kurudi nyumbani

Sehemu hii naiomba isirukwe. Vibua, saradini na jodari wana kiini cha protini kinachoitwa histidini kwa wingi, na samaki wakiachwa kwenye joto, vijidudu hukigeuza kuwa histamini. Histamini haiondolewi kwa kuchemsha, kwa kukaanga, wala kwa kugandisha. Nimewahi kununua kipande cha jodari mchana wa jua kali kwa muuzaji wa njiani, kikiwa chekundu na kizuri kwa macho, nikakipika mpaka kikaiva kabisa, na haikupita nusu saa baada ya kula uso ukawa mwekundu, kichwa kikauma, mdomo ukawa kama umepakwa pilipili na ngozi ikawasha. Nilidhani ni mzio wa samaki, na laiti nisingepata daktari aliyenieleza vizuri, ningeacha kula samaki bila sababu. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe baada ya saa kadhaa, lakini anayepumua kwa shida au anayevimba uso apelekwe hospitali mara moja.

Kinga yake ni baridi tu. Beba ndoo yenye mfuniko au boksi la barafu, weka barafu chini, samaki katikati, barafu juu, na katika joto letu uzito wa barafu uwe sawa na uzito wa samaki. Ukifika nyumbani, safisha na uingize jokofuni kwenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo, na upike siku hiyo au kesho yake. Ukitaka kuwagandisha, wakaushe kwa kitambaa safi, wafunge kwenye mfuko na utoe hewa yote unayoweza, na uwale ndani ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu hata katika nyuzi 18 chini ya sifuri mafuta haya huendelea kuchacha polepole. Kuwayeyusha, wahamishie jokofuni usiku. Usiwaache juu ya meza kuanzia asubuhi.

Kusafisha

Kibua ana magamba madogo yanayotoka kwa kuparuzwa kidogo kwa kisu kutoka mkiani kwenda kichwani. Toa matamvua, yaani yale mashavu mekundu ya kupumulia, pasua tumbo, toa utumbo wote, kisha kwangua ule utando wa damu ulioshikamana na uti wa mgongo, maana huo ndio unaoleta uchungu. Osha kwa maji baridi haraka na ukaushe. Usimvue ngozi, kwa kuwa chini yake ndipo palipo na mafuta mengi, na usimkate tumbo ukalitupa kwa kuliona jembamba. Bibi yangu alikuwa akigawa vipande vya tumbo kwa zamu, leo mjukuu huyu, kesho yule, na hakuna aliyesahau zamu yake.

Shombo huondoka kwa kitu chenye ukali. Kemikali zinazoleta harufu ile hufungwa na asidi, kwa hiyo ndimu, ukwaju, siki, embe bichi na mbirimbi zinafanya kazi ya kweli, mbali na ladha. Mpake samaki ndimu na chumvi robo saa kabla ya kumpika. Akikaa saa nyingi mno katika ndimu mnofu hukaza na kuwa kama uliopikwa nusu.

Jikoni

Samaki wa mafuta anahitaji mapishi machache kuliko changu, kwa sababu anakuja na mafuta yake mwenyewe. Nitaeleza njia tatu ninazozitumia nyumbani, nikianza na ile ninayoipenda kuliko zote.

Kumchoma. Chukua vibua wanne wa kiasi cha gramu 250 kila mmoja, uwachanje mara tatu kila ubavu, kina kifike karibu na mfupa. Twanga punje tano za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, changanya na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha pilipili manga na maji ya ndimu mbili, kisha uwapake ndani ya michanjo na tumboni, uwaache jokofuni dakika 20. Mkaa uwe umeshika na kufunikwa na jivu jeupe; miali ya moto ikiwa bado ipo, subiri. Pasha wavu wa kuchomea hadi uwe wa moto sana, upake mafuta kidogo mara moja tu, ndipo uwaweke samaki, na usiwaguse kwa dakika tano au sita. Ngozi ikikauka itajiachia yenyewe kutoka kwenye wavu. Ukiilazimisha kabla ya hapo utaiacha wavuni, na pamoja nayo utaacha nusu ya raha. Geuza, choma upande wa pili kwa muda huohuo. Mafuta yatadondoka, na moto ukiruka, sogeza samaki pembeni, maana masizi ya mafuta yanayoungua hayafai kwa ladha wala kwa afya. Ameiva pale mnofu unapojitenga na uti wa mgongo ukichomeka ncha ya kisu. Nyama ikishaacha kuwa na uangavu, mtoe mara hiyo. Dakika tatu za ziada ndizo zinazomfanya mtu aseme kibua ni mkavu.

Mchuzi wa ukwaju. Tui zito la nazi linamfaa sana changu, ambaye hana mafuta yake, lakini kwa kibua naona linafunika ladha na kuongeza mafuta mazito juu ya yale mazuri. Ukwaju humkata. Kwa vibua wanne waliokatwa vipande viwili viwili, loweka ukwaju wa ukubwa wa yai katika vikombe viwili vya maji ya moto, uukamue na kuuchuja. Kaanga vitunguu maji viwili kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka vilainike, tia kitunguu saumu, tangawizi na nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, kisha nyanya tatu zilizokatwa, upike hadi ziive kabisa na mafuta yaanze kujitenga. Mimina maji ya ukwaju, tia pilipili mbichi mbili nzima na chumvi, acha ichemke dakika kumi, uonje. Mchuzi uwe mkali kidogo kuliko unavyoutaka, kwa sababu samaki ataulainisha. Ndipo panga vipande vya samaki ndani, funika, punguza moto, na upike dakika nane hadi kumi bila kukoroga; ukitaka kuchanganya, shika chungu utikise. Anayependa nazi aongeze kikombe kimoja cha tui la pili mwishoni. Chungu cha udongo ni bora kwa mapishi haya, maana ukwaju hula sufuria ya aluminiamu na kuacha ladha ya chuma. Faida ya kumpika kibua hivi ni kwamba mafuta yanayomtoka hayaendi popote: yanaelea juu ya mchuzi kama vitone vya dhahabu, na mchuzi unaishia kwenye wali.

Dagaa wakavu. Kwa gramu 250, chambua kwanza mawe na takataka, kata vichwa ikiwa dagaa ni wakubwa na wachungu, ukiwaacha wadogo kama walivyo. Walowe kwa maji ya uvuguvugu dakika tano tu. Unapowaosha usimwage maji pamoja na dagaa, bali wakusanye kwa mikono kutoka juu na uwahamishie chombo kingine, ili mchanga ubaki chini. Rudia mara tatu au mpaka chombo kisiwe na mchanga. Wakaushe, kisha uwakaange kavukavu kwenye kikaango kwa dakika tatu au nne mpaka harufu ibadilike na kuwa kama ya karanga. Hapo ndipo utie mafuta kidogo, vitunguu, nyanya, hoho na mwishowe ndimu. Kigoma, kwenye michikichi, huungwa kwa mawese, na rangi yake nyekundu hutokana na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Aliyekula dagaa wa mawese na ugali wa muhogo hatahitaji kushawishiwa na mwandishi yeyote.

Na kukaanga? Sina nia ya kumnyima mtu kibua cha kukaanga, ila kumzamisha katika mafuta mengi hubadilisha mafuta mema kwa mafuta ya kawaida. Tumia mafuta machache, kikaango kiwe cha moto, na mafuta yaliyokwisha kukaangia yasirudiwe siku baada ya siku.

Kumla

Kibua aliwe kwa mkono. Vidole huuona mwiba kabla ulimi haujaukuta, na hilo ni jambo la usalama kabla halijawa la mila. Fungua mgongo kwa kidole gumba kutoka kichwani kwenda mkiani, mnofu utajitenga pande mbili, kisha ng'oa uti wa mgongo wote kwa mara moja. Utakuta ukanda wa nyama nyeusi ubavuni, wenye ladha nzito inayokaribia ya ini. Wengi huutenga pembeni mwa sahani, nami nawasihi waurudishe, kwa kuwa nyama ile ina madini ya chuma na mafuta kuliko ile nyeupe. Halafu ngozi, ikiwa bado inavunjika kwa sauti. Halafu tumbo, linaloyeyuka mdomoni. Kichwa ni cha mwisho, nacho kinataka muda na kimya: nyama ya shavuni, macho, na yale majimaji ya nyuma ya fuvu ambayo huvutwa kwa midomo. Ugali wa moto, kachumbari yenye ndimu nyingi na pilipili mbuzi pembeni hukamilisha kitoweo, kwa sababu kila tonge la mafuta linataka kufuatwa na kitu kikali kinachousafisha ulimi.

Wa kuchukua tahadhari

Mjamzito na anayenyonyesha wale samaki wa mafuta, lakini Waingereza wanawashauri wasizidishe milo miwili ya samaki hao kwa wiki, na mjamzito aepuke papa, nduaro na sulisuli, kwa kuwa samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini miaka yote wanayoishi. Kibua, saradini na dagaa huishi muda mfupi na hula vijidudu vidogo, kwa hiyo zebaki yao ni kidogo. Hapo tena samaki wa bei nafuu anamshinda yule wa fahari. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kupewa mnofu uliopondwa na kuchambuliwa miiba kwa makini, au dagaa safi waliosagwa unga laini na kutiwa kwenye uji wake, kijiko kidogo kwa kuanzia, bila chumvi.

Mwenye ugonjwa wa jongo amwulize daktari wake, kwa sababu saradini, dagaa na vibua huongeza asidi inayoumiza viungo vyake. Mwenye shinikizo la damu aangalie zaidi chumvi: ng'onda alowekwe na maji yamwagwe mara kadhaa kabla ya kupikwa, na saradini wa kopo wachaguliwe wale wenye chumvi kidogo, huku akikumbuka kwamba WHO inataka chumvi yote ya siku isifike gramu 5. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asianze vidonge vya mafuta ya samaki bila kumwambia daktari. Mwiba ukikwama kooni na maumivu yasipoondoka, dawa si tonge kubwa la ugali, bali hospitali.

Mchuzi ukibaki, usiache mezani ukingoja asubuhi. Uingize jokofuni mara unapopoa, na kesho yake uchemshe hadi utokote. Mchuzi wa ukwaju uliolala huwa mtamu kuliko ulivyokuwa jana, kwa kuwa samaki amekwisha kunywa ukali wote. Chemsha mihogo kwa chumvi kidogo, uimenye ikiwa bado inatoa mvuke, na umwagie mchuzi juu.